Darasa la Watu Waliojishtaki Wenyewe

Mwaka wa 1950, nikiwa na miaka kumi na saba, mashine ya mkonge ilimkata baba yangu mkono wa kulia, na siku hiyo hiyo masomo yangu yakaisha. Nilikuwa darasa la nne. Msicheke. Siku zile mtu wa miaka kumi na saba kuwa darasa la nne hakikuwa kichekesho. Wengine tuliokaa nao dawati moja walikuwa wameshanyoa ndevu.

Nimestaafu mwezi uliopita. Nimefundisha watu wazima Kiingereza tangu ujana wangu, na ninyi mnaoshika chaki sasa mmeniomba niandike mambo ya zamani. Juu ya vyeo sina la kusema, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ni kama wenu. Nitaandika nilivyoanza, kwa maana pale ndipo nilipokaribia kumharibia mtu maisha kwa somo zuri. Chuo cha ualimu mimi nilikipita kwa nje, nikienda sokoni.

Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kufagia mahakamani Thika na kupeleka chai. Siku ya kwanza, nilipomaliza kufagia, nikaona mahali penye ukuta mfupi wa mbao, pazuri pa kuegemea, nikaketi. Mkalimani akaingia na faili zake. Alikuwa Mkamba mmoja mrefu, jina lake Muthiani, mwenye koti jeusi ambalo hakulivua hata jua la Februari likiwaka.

"Kijana," akasema, "unajua hapo ulipo panaitwaje?"

"Hapana, mzee."

"Panaitwa kizimbani. Ninawaona watu hapo kila siku, na wewe ndiye wa kwanza kuingia bila kusukumwa. Toka."

Basi huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Kwa miaka miwili nilisikia Kiingereza cha aina moja tu, kile cha mahakama. Sikujua kijiko kinaitwaje wala mvua inaitwaje, lakini "theft" niliijua, "housebreaking" niliijua, na "grievous harm" niliitamka kama mtu aliyenyonyeshwa nayo. Siku moja Mzungu mgeni aliniuliza njia ya kwenda posta, nikabaki nimeduwaa kama mbuzi. Angeniuliza juu ya mauaji ningemsaidia vizuri sana.

Muthiani aliona kwamba nasikiliza nikifagia, na kwamba nafagia mahali pamoja mara tatu kesi ikiwa nzuri. Akaanza kunielekeza wakati wa chai. Jambo la kwanza alilonifundisha ni hili: Kiingereza cha mahakama hakianzi na mwizi. Huanza na ng'ombe. Ng'ombe aliibwa, mlango ulivunjwa, mlinzi alipigwa. "Kitu kinaibwa kwanza," alikuwa akisema, "mwizi anatafutwa baadaye. Akipatikana, unamweka mwisho kabisa, nyuma ya 'by'. Asipopatikana, sentensi inasimama bila yeye." Walimu wa chuo walikuja kuniambia baadaye kwamba hiyo ni kauli ya kutendwa na ina kanuni nyingi. Mimi na Muthiani tuliita kulaza sentensi. Na nimewafundisha watu wengi kulaza sentensi kuliko hao wa kanuni.

Mwaka wa 1953 Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ilikuwa imeshika. Meneja wa shamba moja la kahawa upande wa Ruiru alimwambia Muthiani kwamba amechoka na walinzi wanaokuja kumwambia "Bwana, bad, store, bad," kisha wanyamaze. Alitaka mtu wa kuwafunza walinzi na manyapara kutoa ripoti ya wizi kwa Kiingereza kinachoeleweka. Muthiani akanitaja. Nikapewa barua ya ruhusa, maana siku hizo watu watano kukaa pamoja bila karatasi ilikuwa kesi yenyewe. Darasa lilikuwa Jumamosi saa nane mchana, kwenye banda la kukaushia magunia, na kabla ya jua kushuka kila mtu awe kwake.

Vifaa nitawaambia, kwa sababu ninyi mkikosa projekta mnafunga darasa. Ubao ulikuwa mlango wa zamani. Tulisaga makaa ya ndani ya betri za tochi zilizokufa, tukachanganya na majani mabichi, tukapaka mara tatu. Chaki ilikuwa muhogo uliokaushwa, wa Ngoliba, maana wa kwetu una maji mengi. Karatasi zilikuwa fomu za stoo za kuandikia magunia, zilizochapishwa vibaya upande mmoja; meneja alikuwa akizitupa, tukaandika upande wa pili. Kumbukeni hizo fomu. Nilijisifu sana kwa kuzipata bure.

Nilitegemea walinzi. Walikuja walinzi wanne, na juma la pili wakaja saba ambao hawakulinda chochote. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja wa kitalu cha miche, Nyambura, mwenye umri wa mama yangu. Nilimuuliza kama anataka tuanze na maamkizi.

"Maamkizi wape hawa," akasema. "Mwaka jana kijana wangu alisimamishwa mbele ya meza. Mzungu akasema maneno, mwingine akaandika, kijana akaenda miezi sita. Mimi nilikuwa hapo nyuma, mwalimu. Masikio yangu mazima. Sikushika hata moja. Nifunze yale."

Basi nikafunza yale. Na kwa sababu nilijua yale tu, mwalimu na wanafunzi tulifaana sana.

Njia yangu ilikuwa hii. Kila Jumamosi nilibuni kesi moja. Nilisema kilichotendeka kwa Kiswahili, tukatafuta maneno yake ya Kiingereza, kisha kila mtu akaandika taarifa ya mistari mitano, akailaza kila sentensi, na mwisho akamweka mwizi. Hapo kwenye mwizi ndipo tulipokwama. Nilimwambia Njoroge, aliyekuwa dereva wa trekta, aandike kwamba mbuzi aliibwa na Karanja, mzee mmoja wa kanisa aliyekaa mbele. Njoroge akaweka penseli chini.

"Huyo mzee hajaiba," akasema.

"Najua. Ni mfano tu."

"Mfano unaandikwa? Mwalimu, mimi nimtaje mtu kwa uovu ambao hakuufanya, tena kwa mkono wangu? Kwetu hata ulevini mtu hafanyi hivyo. Jambo hilo linarudi kwa watoto."

Mzee Karanja mwenyewe akatingisha kichwa taratibu, mara tatu, kama aliyeponea ajali. Nikasema basi tutumie jina la kubuni, John. Kulikuwa na Johana wawili darasani na wote wakageuka kunitazama. Nikajaribu Peter; Nyambura akasema huyo ni ndugu yake wa kuzaliwa. Kila jina la Kikristo nililolijua lilikuwa na mwenyewe aliye hai hapo shambani, na ya Kikuyu ndiyo mabaya zaidi, maana jina la mtu ni la babu yake.

Nyambura ndiye aliyekata shauri. "Kila mtu ajiibie mwenyewe," akasema. "Mimi nikijitaja, nani atanidai?"

Wakacheka, wakakubali. Tena ilifaa, kwa sababu jina lake mwenyewe ndilo neno ambalo kila mmoja alikuwa na uhakika wa kuliandika. Kuanzia siku hiyo darasa langu lilikuwa la wezi watupu. Karanja aliiba ng'ombe kumi na wawili mwaka huo, na hakukosa ibada hata Jumapili moja. Walipeleka karatasi nyumbani wajisomee, wakatia tarehe juu na jina chini, kama nilivyowafunza, kwa unadhifu.

Mwanzoni mwa 1954 nikawapa kesi ya stoo. Mlango ulivunjwa. Magunia sita yaliibwa. Mlinzi alifungwa kwa kamba. Waliandika vizuri kuliko siku zote kwa sababu walikijua kila kitu kilichotajwa. Siku nane baadaye stoo ya kahawa ikavunjwa kweli, magunia yakaenda, na mlinzi akakutwa amefungwa.

Homugadi, wale askari wa kienyeji wa serikali, walipekua laini ya wafanyakazi nyumba kwa nyumba. Kwa Njoroge wakapata karatasi imekunjwa ndani ya Biblia. Nyuma ni fomu ya stoo. Mbele imeandikwa kwa Kiingereza safi kwamba magunia sita yaliibwa na Njoroge, mlinzi alifungwa na Njoroge, na chini Njoroge ametia jina. Walimpiga pale pale mlangoni, mkewe akiona, kisha wakampeleka kituoni Thika. Katika siku zile mtu wa namna hiyo aliweza kupelekwa kizuizini mbali, na nyumba yake ya laini ikapewa mtu mwingine kesho yake, mke na watoto wanne wakiwa nje na sufuria zao.

Nilipata habari asubuhi nikiwa nimelala kwa binamu yangu hapo Ruiru. Nitasema ukweli: nilifunga mzigo. Kesi niliibuni mimi. Barua ya ruhusa ilikuwa na jina langu. Kama Njoroge ni mwizi kwa karatasi, mimi ni nani? Nilifika hadi kwenye ua wa michongoma, nikasimama, nikakumbuka kwamba wako watu kumi wengine wenye karatasi kama ile, na kila karatasi inasema jambo lile lile na jina tofauti. Mtu mmoja akiungama, ni mwizi. Watu kumi na mmoja wakiungama kila mmoja peke yake kwamba ndiye aliyefanya, huo ni upuuzi wa darasani, na hata inspekta ataona. Nikatupa mzigo, nikakimbilia laini.

Nilikuta moshi. Walikuwa wanazichoma! Nani angewalaumu? Mlinzi wa kwanza alikuwa ameshachoma. Wa pili alikuwa akikoroga majivu kwa kijiti ili hata herufi isibaki. Johana mmoja aliitafuna yake, na nilipomwuliza akafungua mdomo kunionyesha. Nilipita nyumba baada ya nyumba nikipiga kelele, "Msichome! Msichome!" na watu wakanifungia milango.

Mzee Karanja alikuwa na yake. Alisema hawezi kuchoma karatasi yenye jina la babu yake. Nyambura nilimkuta amekaa juu ya debe la unga.

"Unatafuta nini, mwalimu?"

"Karatasi yako, mama. Ya stoo."

"Ili iweje?"

Nikamweleza. Akanisikiliza bila kuinuka.

"Yaani mimi nitoke hapa kwa miguu yangu hadi kwa polisi Thika, nimebeba karatasi inayosema nimevunja stoo."

"Ndiyo, mama."

"Na wasipokuamini?"

"Wasiponiamini tutakuwa wanne ndani."

Akanitazama hadi nikaanza kutazama debe. "Na ule mzigo uliouacha kwenye michongoma," akasema, "ulikuwa wa kwenda wapi? Wanawake wa maji wameuona." Akainuka, akaingiza mkono ndani ya debe hadi kiwiko, akatoa karatasi, akaipangusa unga kwa kanga. "Twende kabla sijapata akili."

Meneja alisema hajui lolote juu ya sentensi, lakini akatuandikia ruhusa ya kusafiri. Tukatembea kutoka Ruiru hadi Thika, mzee, mama na mimi, tukisimamishwa mara mbili barabarani, na kila mara nikiomba wasitupekue. Kituoni sikuingia moja kwa moja. Nilipitia mahakamani kwanza, nikamwita Muthiani. Alizisoma karatasi zote mbili amesimama kwenye ngazi, kisha akanikaripia mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mimi nilikufunza haya maneno ili watu wako wayaelewe wakisomewa," akasema. "Wewe umewafanya wayatie sahihi? Kijana, karatasi haijui utani." Halafu akafunga kifungo cha koti, akatangulia.

Inspekta alikuwa kijana, shingo nyekundu kwa jua, kofia kichwani hata ndani ya ofisi. Muthiani alieleza, mimi nikaongezea pale nilipoweza. Inspekta akaziweka karatasi mbili kando ya ile ya Njoroge. Koplo aliyesimama mlangoni akanyoosha shingo, akasoma.

"Huyu cucu, bibi mzee hivi, ndiye alimfunga mlinzi?" akasema kwa Kiswahili. "Ngai! Basi tumpe bunduki, vita viishe."

"Wewe nawe ungefungika," Nyambura akamjibu, "kwa huo mwili."

Inspekta hakucheka. Aliuliza kwa nini kila mmoja anajitaja mwenyewe. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hawezi kumwandika mwenzake mwizi hata kwa mchezo. Alisema hajawahi kusikia upuuzi kama huo. Alisema kazi yake yote ni watu wanaotaja wenzao. Akasema pia kwamba karatasi hizi mbili tungeweza kuziandika asubuhi hiyo njiani ili kumwokoa rafiki yetu. Muthiani alitafsiri hilo kwa sauti ya chini kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo.

Ndipo mzee Karanja, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu Ruiru, akaondoa kofia yake ya sufi na kusema kwa Kiswahili, "Bwana atupe mtihani. Sisi ni watu wa shule."

Inspekta akafikiri. Akaagiza Njoroge aletwe. Aliletwa jicho moja limefumba na vidole vimevimba. Alipotuona akakaza macho kwetu kana kwamba anataka tuondoke. Hakuruhusiwa kusema nasi, wala sisi naye. Kila mmoja aliwekwa pembe yake, ameelekea ukutani, akapewa karatasi na penseli. Mimi nilitolewa nje nisije nikatoa ishara. Niliyaona haya kupitia dirishani, koplo akinishika ukosi. Inspekta mwenyewe ndiye aliyetoa kesi, na Muthiani akaisema kwa Kiswahili mara moja tu: kofia ya inspekta imeibwa ofisini. Andikeni taarifa.

Walichukua muda mrefu. Njoroge alishika penseli kwa ngumi kama nyundo. Nyambura aliilamba ncha ya penseli, akitafuta wino usiokuwepo. Nilisali, na mimi si mtu wa kusali mchana.

Inspekta akazikusanya, akazisoma moja baada ya nyingine. Kofia iliibwa na Karanja. Kofia iliibwa na Nyambura. Ya Njoroge ilikuwa na herufi kubwa zilizopinda, na ilisema kofia iliibwa na Njoroge. Mtu aliyevimba vidole kwa sababu ya karatasi moja alikuwa ameandika nyingine inayofanana nayo, bila mtu kumwambia, kwa sababu hakuwa na jina lingine la kuweka pale ambalo dhamiri yake ingelikubali.

Inspekta aliinua mkono akaigusa kofia kichwani. Sidhani alijua kwamba ameigusa. Kisha akatoka hadi dirishani, akaniuliza mimi, kwa Kiingereza, polepole, "Hawa watu wako wote, ndivyo walivyo?"

Nikasema, "Ndivyo walivyo darasani, bwana. Nje sijawapima."

Hakumwachilia siku hiyo, msidhani. Karatasi zilienda juu, zikarudi. Siku tano mke wa Njoroge alilala kwa Nyambura na watoto wote wanne. Siku ya sita ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa ubaoni, nimeandika tarehe tu kwa sababu sikuwa na kesi ya kutoa wala moyo wa kuibuni, wanafunzi saba wamekaa kimya kama matangani. Njoroge akaingia, akaketi mahali pake, akaweka miguu vizuri. Meno mawili hayakuwepo. Akauangalia ubao, akaniangalia mimi.

"Mwalimu," akasema, "tafuta mtu mwingine wa kuiba. Mimi nimechoka."

Walicheka hadi Karanja akashika ukuta. Mimi nilitoka nje kidogo. Nilirudi uso umekauka, na hakuna aliyeuliza.

Siku hiyo hiyo tukampata huyo mtu mwingine, naye ni fisi. Fisi hana ndugu atakayelalamika, hana kanisa, na hakuna homugadi atakayemfuata nyumbani. Mbuzi aliibwa na Fisi. Stoo ilivunjwa na Fisi. Nimefundisha hivyo tangu siku ile hadi mwezi uliopita, na wakaguzi kutoka mjini wameniandikia mara tatu kwamba mifano yangu haifanani na maisha. Niliwaacha waandike. Ninyi pia, kabla hamjampa mwanafunzi sentensi ya kupeleka nyumbani, jiulizeni nani mwingine anaweza kuisoma. Na karatasi zikusanyeni. Haya mawili ndiyo ushauri wangu wote. Mengine mtayajua wenyewe.

Njoroge aliendesha trekta hadi uhuru, kisha akanunua lake. Hakuwahi kunilaumu, na nilimpa nafasi nyingi. Nyambura alisoma hadi akawa anakaa nyuma ya chumba cha mahakama siku za kesi, bila kuitwa, akiwanong'oneza akina mama wengine kinachosemwa juu ya watoto wao.

Leo nina ekari mbili na nusu Gatuanyaga, hati ikiwa kwa jina langu. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, na mabati yake nimebadilisha mara moja. Ng'ombe wawili, mmoja anakamuliwa. Mbuzi saba. Tangi la maji. Mke mmoja, watoto sita, wote wamenipita darasa. Kitanda nilichokinunua mimi mwenyewe, na usingizi, kwa sababu watu wengi wamekaa mbele yangu wakaandika nilichowaambia, na baada ya Njoroge hakuna hata mmoja aliyefungwa kwa ajili hiyo.